Mtoto Anapokwenda Matembezini Bila Mzazi

Leo nasema nawe mzazi au mlezi wa Likoni, Kisauni, Changamwe na popote ulipo, juu ya zile safari ambazo watoto wetu huenda bila sisi.

Unazijua. Shule zikifungwa, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, au siku za Idi na Krismasi, vijana huchanga pesa, wakakodi matatu wakaenda Diani, Bamburi au Kilifi. Mtu mzima garini ni dereva na utingo tu. Mtoto wa miaka 16 akipewa chupa huku wenzake wote wanamtazama, kukataa ni kazi ngumu.

Nikupe kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika zahanati fulani upande wa magharibi wa kisiwa. Vijana wakamleta mwenzao kwa tuktuk, mvulana wa miaka 17. Walikuwa wametoka Diani. Hakuamka hata nilipomfinya. Amejitapikia, mikono baridi, midomo imebadilika rangi. Nikauliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Mmoja akanijibu, "Sista, amechoka tu." Msichana mmoja akaanza kulia, akasema ukweli: tangu magharibi. Wakati huo ilikuwa saa nne ya usiku. Walimlaza kiti cha nyuma, wakamfunika leso, wakavuka naye feri hivyo hivyo, wakipita hospitali njiani. Kwa nini? "Tulimwogopa baba yake."

Mvulana yule tulimpeleka hospitali kubwa akapona. Lakini msikilizaji, lifikirie jambo hili. Pombe ndiyo iliyomwangusha, na woga ndio uliotaka kumuua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa, utajuaje kwamba mtu hakulala tu bali amepata sumu ya pombe? Dalili ni hizi: ukimwita na kumtikisa haamki, anapumua polepole sana, au anakaa sekunde kumi bila kuvuta pumzi, ngozi ni baridi na midomo ya samawati au kijivu, anatapika bila fahamu, au anapata degedege. Dalili moja tu yatosha. Usingoje zote.

Wafundishe watoto la kufanya. Kwanza, wamlaze ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke yasimzibe pumzi. Pili, asiachwe peke yake hata dakika moja. Tatu, apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja, si ile ya karibu na nyumbani. Nne, wamweleze muuguzi kweli yote: amekunywa nini, kiasi gani, na kama alichanganya na vidonge au bangi. Sisi tunataka kumtibu, hatutaki kumhukumu.

Kahawa, maji ya ndimu na kumwagiwa maji baridi havitoi pombe mwilini. Ini ndilo linaloitoa, tena polepole, na hakuna njia ya kuliharakisha. Aliyepoteza fahamu ukimnywesha kitu chochote, kinaweza kuingia mapafuni. Wala usimtapishe kwa nguvu.

Kuna hatari nyingine za huku kwetu. Mnazi uliogemwa asubuhi ni mtamu, lakini huendelea kuchacha, na jioni ni mkali. Kijana hudhani anakunywa kile kile. Pombe isiyojulikana imetengenezwa wapi huenda ina methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Februari 2024, kijijini Kangai katika Kaunti ya Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe yenye sumu. Na bahari haina mzaha na mlevi, hasa maji ya bamvua.

Tuje kwenye moshi. Wazazi wengi wananiambia, "Shisha si kitu, moshi unapita kwenye maji." Maji huupoza moshi, hayaondoi sumu. Tena mkaa wake hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, inayoleta kizunguzungu na hata kuzimia. Sigara ya umeme nayo, ile inayonukia matunda, mara nyingi ina nikotini. Ubongo wa kijana unaendelea kukua hadi miaka kama 25, na nikotini humteka upesi kuliko mtu mzima. Moja ya kujaribu matembezini yaweza kuwa mwanzo wa uraibu.

Jua pia kwamba sheria ya tumbaku ya 2007 na ile ya vileo ya 2010 zinakataza kumuuzia sigara au pombe aliye chini ya miaka 18. Muuzaji hana haki ya kukuambia, "Aliniletea pesa."

Basi mzazi, ufanye nini kabla ya safari? Uliza wanakwenda wapi, na nani, gari la nani, na watarudi saa ngapi. Pata namba ya dereva na ya mzazi mwingine mmoja. Shaurianeni wazazi, mtu mzima mmoja mnayemwamini aende nao. Mtoto asipande gari ambalo dereva amelewa, na awe na nauli ya akiba ya kurudi peke yake.

Kisha mwekeane ahadi. Mwambie hivi: "Mwanangu, pombe na sigara sikuruhusu. Lakini wewe au mwenzako akizidiwa, nipigie hata saa nane ya usiku. Nitakuja. Maneno tutaongea kesho." Na akikupigia, itimize ahadi. Ukimpiga usiku huo, mara ya pili hatakupigia.

Najua nyumba nyingi zetu kileo ni haramu, na mzazi huona kukitaja ni kama kukihalalisha. Sivyo. Baba wa yule mvulana alikuwa mtu mwema wa dini. Alikaa kwenye benchi letu mpaka alfajiri, akaniambia, "Sista, mimi ningekuja. Kwa nini hawakuniita?" Hakuwahi kumwambia mwanawe kwamba angekuja.

Kama kijana wako tayari ameshikwa na ulevi, piga 1192, namba ya bure ya NACADA. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116. Au njoo zahanati yoyote, tuzungumze faraghani.

Leo jioni, kabla hamjalala, mwambie mwanao lile neno moja: "Nitakuja."