Vifuu, Fito na Ukindu: Darasa la Awali katika Delta ya Rufiji



Historia ya elimu ya awali nchini mnaijua. Sera ya 1995 iliitambua, ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima, na mtaala wa 2016 ukaijenga juu ya umahiri wa aina sita. Sitakaa hapo. Kilichonileta ni kauli niliyoisikia kwenye kongamano moja, ambayo tangu hapo inarudiwa na watu ninaowaheshimu: kwamba mtoto wa delta huingia darasani mikono mitupu, kwa kuwa mazingira yake hayana cha kumfundisha, na kwamba mwalimu wa Kiongoroni au Maparoni hawezi kufanya la maana mpaka maboksi ya vifaa yapakiwe kwenye boti pale Nyamisati.

Kauli hiyo si ya kweli, na inawaumiza watoto.

Tuanze na hesabu. Mtoto wa miaka mitano wa delta amekulia kwenye biashara ya miti ya mikoko. Nyumbani anasikia fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na anajua ipi nene kuliko ipi. Anawasikia wakubwa wakihesabu miti kwa korija, ishirini ishirini. Kupanga kwa unene, kulinganisha, kuhesabu kwa mafungu: ndiyo yayo hayo tunayoyadai chini ya stadi za awali za kihisabati. Mwalimu anahitaji masalia ya fito yaliyolainishwa yasichome, na sakafu iliyofagiwa. Watoto wapange kuanzia kijiti chembamba hadi kinene. Kisha wafumbe macho, mwalimu achomoe kimoja cha katikati na kusogeza vilivyobaki, halafu awape kijiti wakitafutie mahali pake. Hapo utawasikia wakibishana, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Au muulize mtoto huyo kaa jike ni yupi. Atakwambia umpindue, akuonyeshe kifuniko cha tumboni: cha jike kipana, cha dume chembamba. Huko ni kuainisha kwa sifa moja iliyochaguliwa miongoni mwa nyingi. Anayesema mtoto huyu hana utayari, hakumuuliza chochote.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika darasa la awali la kijiji kimoja cha delta. Kona ya hisabati ilipendeza: makombe na vizibo vimepangwa juu ya ubao, na kamba imezungushwa mbele ili watoto wasivuruge. Watoto waliimba moja mpaka hamsini kwa pamoja. Wakati wa uji, nje chini ya mkungu, wasichana wawili walifungua duka la mchanga. Vifuu vinne kwa pishi moja. Mmoja alipima, mwenzake akakataa kupokea: “Hicho hakijajaa, nipimie tena.” Akapimiwa tena. Mwalimu hakuwaona. Alikuwa na watoto wengi mno kuliko wale 25 wa mwongozo, na muda ule aliutumia kuandika tarakimu kwenye madaftari yao, ili wazazi waridhike kwamba kazi imefanyika. Simlaumu. Alifundishwa kwamba vifaa ni vya kuonyeshwa wageni.

Kuhusu vifaa vya aina hiyo kufundisha kweli, chanzo nikipendacho kuliko vyote kimetoka pwani yetu hii hii, nanyi mtanivumilia nikikikalia. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, walianzisha mpango wa shule za awali za madrasa. Bi Swafiya Said akawa mwalimu wake wa mwanzo. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa vijiji na mitaa ile ile, wengi wakiwa na elimu ndogo ya darasani. Vifaa vilitoka jikoni na ufukweni. Mtoto alichagua kazi, akaifanya, kisha akaeleza alichofanya. Hatua hiyo ya tatu ndiyo ninayoikosa katika madarasa yetu. Peter Mwaura na wenzake walipochapisha tathmini yao mwaka 2008, watoto wa shule hizo walikuwa wamepiga hatua kubwa kuliko wa shule nyingine za awali, na hao nao kuliko waliobaki nyumbani.

Tathmini hiyo haikufanyika Rufiji, na walimu wale walitembelewa mara kwa mara na wakufunzi. Kifuu peke yake hakifundishi mtu. Vitabu vya hadithi navyo havioti mikokoni; hivyo lazima vije kwa boti, na vije vingi. Tena msimu wa mpunga familia huhamia mashambani, watoto wakalala kwenye madungu na kushinda wakiamia ndege, darasa likabaki na wachache. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya maboksi.

Hata hivyo nashikilia imani yangu ya siku zote: mtoto ashike ukindu kabla ya penseli. Mpe kindu nne, mbili zimetiwa rangi. Juu, chini, juu, chini. Akikosea, rangi inamwonyesha mwenyewe kosa lilipo, naye anafumua mpaka pale tu. Vidole vinapata nguvu na jicho linafuata mstari. Na ukili huo anaousuka unabebeka hadi kwenye dungu, ambako bibi yake anaujua kuliko mwalimu. Wenzangu wananidai takwimu. Sina, na bado nashikilia.

Kwa hiyo nawaomba wadhibiti ubora wa shule wakifika wilaya ya Kibiti, iliko delta hii, waache kukagua kuta. Washike vifaa vilivyo kwenye kona waone kama vimechakaa, kisha wamwombe mtoto yeyote aeleze alichokifanya asubuhi ile. Na chuo hiki kiwapeleke wanachuo wa elimu ya awali kwenye shule shikizi za delta kwa mazoezi ya kufundisha, msimu wa mpunga, familia zikiwa kwenye madungu.