WAJIBU WA CHAMA KINACHOKODISHA GHALA NA KUMLIPA FUNDI
(Mazungumzo na makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi)



Vyama vyetu vingi hapa Ufipa vina ghala au vyumba vya duka ambavyo hukodishwa kwa wafanyabiashara wa mahindi na maharage. Kabla ya mvua za Novemba, sisi humwita fundi aezeke upya paa au azibe nyufa. Tukisha kumlipa, hudhani kazi imekwisha. Kumbe kwa upande wa Serikali bado.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtaka alipaye huduma katika shughuli za biashara azuie sehemu ya malipo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Kwa huduma za mkazi wa nchini kiwango ni asilimia 5. Katika ujenzi, malipo hugawanywa vifaa sehemu 3 na huduma sehemu 2, na kodi hukatwa kwenye huduma tu.

Natoa mfano. Fundi ameezeka ghala kwa shilingi 2,000,000, vifaa vikiwa vyake. Sehemu ya huduma ni shilingi 800,000, na asilimia 5 yake ni shilingi 40,000. Fundi atapokea shilingi 1,960,000. Zile 40,000 zipelekwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na fundi apewe hati ya kodi iliyozuiwa. Hati hiyo ni mali yake, kwa kuwa itapunguza kodi yake ya mwaka. Mweleze hayo siku ya kupatana bei, asije akadhani anapunjwa.

Je, tusipozuia? Sheria humdai mlipaji kodi ambayo hakuikata, pamoja na riba. Chama kina haki ya kumdai fundi, lakini huenda wakati huo amekwisha hamia Mpanda au Tunduma. Hapo fedha hutoka katika mfuko wa wanachama, yaani katika jasho la mkulima wa Laela au Matai ambaye hakushiriki katika kosa hilo.

Lipo pia jambo la lugha. Neno "kodi" kwetu lina maana mbili: pango la mpangaji na tozo ya Serikali. Katika daftari andikeni "pango" na "kodi ya zuio", mkaguzi asichanganyikiwe. Mfanyabiashara anayekodi ghala naye hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango. Akikata, daini hati yake na muihifadhi.

Mwanachama anayemwita fundi kutengeneza nyumba anayoishi mwenyewe hahusiki na zuio hili, kwa kuwa halipi katika biashara. Lakini chama kisijifiche nyuma yake, wala nyuma ya msamaha wowote wa kodi kilio nao. Kuzuia kodi ya mwingine ni wajibu wa pekee.

Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika 1 Julai. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, ulizeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato mjini Sumbawanga. Andikeni namba ya mlipakodi ya fundi, mkataba, risiti na hati katika jalada moja.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.