Matofali Ndani ya Jiko la Kuvukizia Korosho

(Hotuba kwa wabanguaji wa korosho wa Chiola, wilaya ya Nachingwea)

Mmeacha kazi zenu mkaja kutusikiliza, nasi hatupendi kuwapotezea saa zenu kwa maneno mengi. Neno tulilo nalo ni moja: jiko la chuma lisilojengewa matofali ndani yake hula kuni za mwenyewe, kisha hujila lenyewe. Twataka kuwaeleza sababu yake, na jinsi ya kulizuia jambo hilo kwa udongo ulio hapa hapa kwenu.

Ninyi mwajua kuwa korosho nyingi za nchi yetu husafirishwa zikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam, na huko ndiko zibanguliwako. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya kiini. Basi sehemu kubwa ya mzigo unaovuka bahari ni maganda, na ujira wa kuyaondoa maganda hayo hupewa watu wa mbali. Kikundi kinachobangua korosho kijijini huubakiza ujira huo nyumbani. Lakini kikundi hicho kina maadui wawili: kuni zinazokwisha upesi, na jiko linalotoboka. Wanaokwenda porini kutafuta kuni wajua kuliko sisi uzito wa mzigo na urefu wa njia. Na jiko likitoboka katikati ya msimu, kazi husimama, na korosho huuzwa ghafi kama zamani.

Kwanza tuutazame moto wenyewe. Korosho huvukizwa kwa mvuke wa maji ili ganda lake lipasuke kwa urahisi na kiini kijitenge nalo. Kisha huachwa zipoe na kukauka, mara nyingi mpaka siku ya pili. Mvuke huo haupatikani bure. Maji ya kisimani yakitiwa motoni hata yakatokota, hula joto la kiasi. Lakini kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kwataka joto zaidi ya mara sita ya lile la kwanza. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuni haiko katika kuyachemsha maji. Iko katika kuyavukiza, nayo ni kazi ya saa nyingi.

Sasa, jiko la bati lipitishalo joto ubavuni hufanya nini? Sogezeni kiganja karibu na ubavu wake, bila kuugusa, mtapata jibu. Joto lile liwachomalo ninyi ni kuni zilizokatwa, zikabebwa kichwani, zikachomwa, wala hazikufika kwenye maji. Tena moto wa kuni kavu huweza kupita nyuzi 800 za sentigredi. Chuma kikiwa chekundu hupoteza nguvu zake, kikapinda, na hewa hukila kikatoka magamba membamba, hata siku moja mkaona mwanga wa moto upande wa pili.

Jambo hili si la Chiola peke yake. Katika nchi za baridi, kama Vermont kule Marekani na Quebec kule Kanada, watu hugema maji matamu ya mti uitwao mepo mwisho wa majira ya baridi, wakayachemsha katika masinia mapana mpaka yawe mazito kama asali. Yapata lita arubaini za maji ya mti huo hutoa lita moja ya asali yake. Ndipo wagemaji hao hujenga matofali ndani ya meko yao ya chuma, ili chuma kisiungue na joto lipande juu kwenye sinia. Miti yao si mikorosho, lakini moto wao ni moto huu huu.

Basi tuanze kazi. La kwanza ni kuujua udongo. Wazee wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana wilaya hii ilikuwa mojawapo ya mahali patatu, pamoja na Kongwa na Urambo, palipoletwa ile kazi kubwa ya karanga iliyoanza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta yalikuja kabla udongo haujachunguzwa vema, na kule Kongwa ardhi ilipokauka ikawa ngumu hata ikavunja majembe ya chuma. Ninyi msifanye hivyo. Chukueni udongo wa kichuguu, ufinyangeni vitonge, uanikeni kivulini, kisha uchomeni motoni. Kitonge kikipasuka vipande, udongo ule ni mnono mno: ongezeni mchanga. Kikivunjika kwa vidole, mchanga umezidi. Mfinyanzi wa vyungu awaongoze, kwa kuwa yeye ameujua udongo siku zote.

La pili ni kuchagua matofali. Katika tanuru la matofali ya kuchoma, yachukueni yaliyokaa katikati, yaliyoiva sawasawa. Gonganisheni mawili: yakilia kwa sauti kali ni mazuri, yakitoa sauti ya kufa, yaacheni. Kisha tieni moja katika moto mkali mpaka liwe jekundu, mkaliache lipoe taratibu bila kulimwagia maji. Lisipopasuka, wenzake walioiva pamoja nalo watafaa.

La tatu ni udongo wa kuungia. Saruji haifai ndani ya chumba cha moto. Joto kali huyatoa maji yaliyoishika saruji, nayo hulegea ikamomonyoka. Chukueni udongo wa kichuguu mliokwisha kuupima, mchanganye na vigae vya vyungu vilivyotwangwa na kuchekechwa. Vigae vimekwisha kupita motoni, kwa hiyo hupunguza kusinyaa kwa udongo.

La nne ni kujenga. Yaloweshe matofali kidogo yasije yakanyonya maji ya udongo wa kuungia. Yapangeni kuzunguka ndani ya chuma, mkiacha nafasi ya unene wa kidole baina ya tofali na chuma. Nafasi hiyo mwijaze jivu kavu lililochekechwa. Jivu huzuia joto lisifike kwenye chuma, tena huyapa matofali mahali pa kutanukia, kwa kuwa kila kitu kipatacho moto hutanuka. Maungio yawe membamba, nayo yapishane, lisitokee ungio moja refu toka chini hadi juu. Chini ya kuni wekeni kichanja cha nondo ili hewa ipite na jivu lidondoke. Lakini msiweke tofali baina ya moto na kitako cha pipa la maji. Kazi ya matofali ni kuziba mbavuni ili joto lisiwe na njia ila ya kwenda juu.

La tano ni kukausha, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Jiko jipya lina maji ndani ya kuta zake. Likiwashiwa moto mkali siku ile ile, maji yale hugeuka mvuke na kupasua ukuta. Liacheni likauke kivulini siku kadhaa. Kisha washeni moto mdogo wa vijiti, kesho yake mkubwa kidogo, hata siku ya nne au ya tano ndipo mtie kuni za kazi. Mwenda pole hajikwai.

Yafaa pia mjue ukweli mmoja, msije mkasema tumewadanganya. Matofali mazito nayo hunywa joto kwanza kabla ya kulirudisha. Mkivukiza debe moja tu asubuhi, kisha mkazima moto, mkarudi tena jioni, hamtaona faida kubwa ya kuni. Faida huonekana mkiunganisha kazi: kusanyeni korosho za siku mbili tatu, mvukize mfululizo tangu asubuhi. Matofali yakishashiba moto, kuni chache hufanya kazi ya kuni nyingi. Kuni nazo ziwe kavu, kwani ule mti mbichi umejaa maji, na hayo pia yataka kuvukizwa kwa gharama yenu.

Twawaonya mambo mawili. Msitie maganda ya korosho katika jiko hili. Mafuta ya ganda ni yale yanayobabua mikono yenu, na moshi wake huwasha macho na kifua. Hutakiwa tanuru lililoundwa kwa kazi hiyo. La pili, pipa la mvuke lisifungwe hata likakosa pa kupumulia. Mvuke uliokosa njia hujitafutia njia, na aliye karibu huungua au kufa. Tundu la kutolea mvuke liwe wazi siku zote, na maji yatazamwe yasikauke chini.

Mwisho, kila msimu ukiisha, kwangueni jivu, mtazame kuta kwa taa. Mkiona ufa, uzibeni kwa udongo ule ule wakati ungali mdogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaona hakuna mahali neno hilo lilipo kweli zaidi kuliko katika jiko.

Ndugu zetu, matofali haya hayatoki ng'ambo, wala udongo huu hauuzwi dukani. Vyote vyatoka Chiola: kichuguu, vigae, jivu na mikono yenu. Jiko likidumu, kikundi kitadumu. Na kikundi kikidumu, ujira wa kubangua utakaa hapa ilipookotwa korosho. Twawatakia kazi njema. Sasa mwenye swali na aulize.