Kumtafuta Mwenye Hadithi: Wazo la Riwaya Linavyopatikana na Kukuzwa

Mada kwa semina ya waandishi chipukizi, Terrat, Arusha



Waandishi wanaoanza huniuliza mawazo ya hadithi yanatoka wapi. Mimi naona mawazo yametuzunguka. Tunachokosa ni mtu wa kuyabeba. Tukio liwe kubwa namna gani, hubaki kuwa habari mpaka apatikane mhusika ambaye litamnyang'anya kitu anachokithamini kuliko vyote.

Mfano uko hapa hapa kwetu, Mlima Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zikachomwa, watu wakaamriwa kuhamia Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, akakipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakachapisha kitabu kuhusu shauri hilo. Mwaka 1974 Ismael Mbise akalitolea riwaya, Blood on Our Land.

Mkasa ni mmoja, kazi ni mbili. Kitabu cha shauri lazima kitaje nani alifanya nini na lini. Mwandishi wa riwaya anadaiwa jambo jingine: kuingia ndani ya nyumba kabla haijawashwa moto. Jikoni kulikuwa na chungu gani? Nani alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea? Ni ndugu gani waliokuwa hawasemezani, na sasa inabidi wabebe mzigo mmoja? Majibu ya namna hii hayamo kwenye majalada. Unayabuni, ila huwezi kuyabuni vizuri kama huwajui watu wenyewe.

Tazameni pia miaka: kati ya kufukuzwa na riwaya ilipita 23. Mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar ulikuwa 1948. Riwaya ya Adam Shafi kuhusu mgomo huo, Kuli, yenye kijana Rashidi, mtoto wa kuli, ilitoka 1979. Wazo halikimbizwi.

Tujaribu wenyewe. Hapa Terrat mazungumzo ya kila siku ni viwanja. Mwandishi mwenye haraka atamleta dalali tapeli, na hadithi itakuwa imekwisha kabla ya kuanza. Tuanze na mzee anayeuza robo eka alipokuwa akilaza ng'ombe. Kwa nini anauza? Anatafuta ada ya mtoto wa mke mdogo. Je, mtoto wa mke mkubwa, aliyeacha shule kwa kukosa ada, siku ya kuandikishana yuko wapi? Yuko ofisi ya serikali ya mtaa, ameitwa na baba yake awe shahidi, na mwenyekiti anamsogezea kalamu. Atasaini? Hapo tumempata mwenye hadithi, wala dalali hatukumhitaji. Endeleeni hivyo, kila jibu lizae swali gumu zaidi. Likikoma kuzaa, achaneni na wazo hilo.

Nina ombi moja. Riwaya ya Mbise iko kwa Kiingereza, na mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa moto ule sasa amevuka 80. Nendeni Leguruki na Engare Nanyuki, mkae na wazee hao, muwaulize habari za chungu na mifugo kabla ya kuuliza habari za serikali. Kisha muandike, kwa Kiswahili.