Baridi Humpata Mkimbiaji Akisimama



Kati ya Juni na Agosti, Ishiara hupata nafuu ya joto, lakini Manyatta na Runyenjes, upande wa Mlima Kenya, huwa na baridi na ukungu. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mwanariadha wa Mbeere anayeenda kushindana huko na fulana moja anajihatarisha.

Anapokimbia, misuli humpasha joto. Baridi humpata akisimama: akimngoja mgeni wa heshima aliyechelewa, au akimaliza mbio na fulana imelowa jasho. Mwezi Mei 2021, katika mkoa wa Gansu, Uchina, wakimbiaji 21 walifariki baada ya kukumbwa na mvua baridi na upepo mkali milimani. Wengi walivaa kaptula na fulana.

Basi waandalizi waanze mbio kwa wakati, na sweta za wanafunzi zitangulie kufika mwisho wa mbio. Mkimbiaji anayetetemeka na kuongea kwa shida avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe blanketi, apewe chai moto kama anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitalini. Medali itangoja.