MGONGO UNAPOUMA, NENDA KWA NANI?

Mazungumzo ya mganga na wanakisomo

Leo tuzungumze juu ya mgongo. Hapa ziwani nani hajaumwa mgongo? Tunavuta nyavu, tunabeba madumu ya maji na magunia ya pamba. Maumivu hayo kwa watu wengi hupoa katika majuma machache. Usilale kitandani siku nyingi. Tembea, fanya kazi nyepesi.

Lakini zipo dalili za hatari. Sikilizeni vizuri:

1. Miguu inaishiwa nguvu au inakufa ganzi.
2. Sehemu unayokalia haina hisia.
3. Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua.
4. Mgongo umeumia kwa kuanguka mtini au kwa ajali ya pikipiki.

Ukiona hata moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa nini? Ndani ya pingili za mgongo umepita mshipa mkuu wa fahamu. Unapeleka amri za ubongo kwenye miguu na kibofu. Ukibanwa, ni kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ukibanwa muda mrefu unakufa, na mtu hatatembea tena. Wengine husema, "Karogwa huyu!" Wanachanja chale, na siku zinapita.

Aliyeanguka msimkalishe, wala msimpakie kwenye pikipiki. Mgeuzeni watu wanne kwa pamoja, mlazeni chali juu ya ubao, shingo na mgongo vimenyooka.

Kama mgongo unauma majuma mengi, unakonda na usiku unatoka jasho, huenda ni kifua kikuu cha mgongo. Ukichelewa, kinaleta kibiongo. Dawa zake hutolewa bure, lakini zimezwe miezi yote uliyoambiwa.

Anzia zahanati au kituo cha afya, upewe barua ya rufaa. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa tangu 1971, wapo mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Ndugu wa Sengerema, tangu Juni 2025 gari linapita darajani Kigongo–Busisi, hatungoji kivuko.

Je, kumwona bingwa ni kupasuliwa? Hapana. Atakuuliza maswali, atagonga magoti kwa nyundo ndogo, atatazama picha. Wengi hurudi na dawa na mazoezi tu. Mweleze yote, hata habari ya mkojo. Usione haya.

Haya, mwenye swali aulize.