Forodha Kabla ya Bendera: Mrima, 1888



Katika kongamano moja la hivi karibuni, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema kwamba vita vya 1888 vya Mrima, pwani inayoikabili Unguja, vilikuwa maasi ya Waarabu wauza watumwa waliokuwa wakitetea soko lao. Ukumbi ukaitikia kwa vichwa. Mimi chai yangu ikapoa mkononi.

Hoja hiyo si yake. Ina umri mkubwa kuliko sisi sote humu, na ilizaliwa kwa haja ya fedha. Mwishoni mwa 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imefukuzwa karibu pwani nzima, ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Kansela Bismarck hakuwa na hamu ya kuomba fedha za walipa kodi kwa ajili ya kuokoa wenye hisa. Wakati huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na Wakatoliki walikuwa na kura nyingi katika Bunge la Berlin. Basi vita vikapewa jina la “maasi ya Waarabu”, na Januari 1889 Bunge likaidhinisha marki milioni 2. Fedha hizo zikamwezesha kamanda Hermann Wissmann kuajiri Wasudani kutoka Misri na Washangaani kutoka Msumbiji. Jina lilifanya kazi yake barabara. Kinachonishangaza ni kwamba bado linafanya kazi hiyo katika vitabu vyetu.

Tuwapime washindi kwa matendo yao. Walitawala karibu miaka thelathini na utumwa hawakuufuta. Walichokubali ni amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, Mjerumani akiwa ameshaondoka. Msamaria gani huyu anayemwacha majeruhi njiani na kuondoka na punda wake?

Halafu tuwatazame waliopigana. Bwana Heri wa Saadani alikuwa na nguvu zake miongoni mwa Wazigua, si katika majumba ya Unguja. Kilwa, maofisa wawili wa Kampuni waliuawa mji ulipojaa watu wa bara, Wayao wakiwa wengi wao. Pangani walishuka watu wa milimani na mabondeni kwa maelfu. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995, amewaonyesha watu hawa wakiwa na madai yao wenyewe, hata dhidi ya matajiri wa miji yao. Wote hao tuwaite Waarabu?

Sitaki nionekane nafunika mambo. Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa, na miwa ile ilikatwa na watumwa. Mombasa nako, Kampuni ya Waingereza ilituliza mji kwa kuwalipa wenye watumwa fidia ya watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni, Rabai na kwingineko. Ushahidi huu ni mzito na mwenzangu ana haki ya kuutumia. Lakini unathibitisha kwamba matajiri wa pwani walikuwa na watumwa, jambo ambalo hakuna aliyelikana. Hauelezi kwa nini moto uwake Agosti 1888, tena uanzie Pangani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na Mrima haukunyanyuka wote kama ulivyonyanyuka safari hii.

Carl Peters, mwanzilishi wa Kampuni, na mikataba yake ya Usagara mnamjua. Hati ya ulinzi ya Kaiser ya Februari 1885, manowari mbele ya Unguja Agosti ya mwaka huohuo, mapatano ya 1886 yaliyomwachia Seyyid, yaani Sultani wa Unguja, ukanda wa maili kumi, hayo nayo mnayajua. Kujibu swali la kwa nini Agosti na kwa nini Pangani, mimi nataka tukae na karatasi moja tu: mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888, uliotiwa saini na Seyyid Khalifa.

Naipenda karatasi hii kupita kiasi, na mke wangu ameshalalamika. Haina shujaa wala bunduki. Kampuni inapewa pwani kuanzia Mto Umba hadi Ruvuma kwa miaka hamsini, iitawale kwa jina la Seyyid na chini ya bendera yake, kwa gharama ya Kampuni. Inaruhusiwa kutoza kodi, kusimamia ardhi isiyo na mwenyewe, kuweka mahakama. Na katikati ya yote, inapewa ushuru wa forodha. Hapo ndipo penye roho ya mkataba. Peters alikuwa amejikusanyia bara pana lisilo na bandari hata moja. Kila pembe ya ndovu iliyotoka Unyamwezi ilipimwa kwa frasila pwani na ushuru wake ukaenda kwa Seyyid. Mashamba ya Kampuni hayakuwa yakilipa, na bila forodha vitabu vyake vilikuwa hasara tupu.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa forodha Tanga, enzi za Mwingereza. Alisimama kutwa kwenye mizani ya mbata, kalamu sikioni, na nyumbani alitufundisha kwamba mwenye mizani ndiye mwenye mji. Wenzangu husema nimeirithi nadharia yangu mezani kwa chakula. Na iwe hivyo.

Sasa turudi Pangani, Agosti 1888. Ni msimu wa misafara kushuka. Mji umejaa wapagazi, wakopeshaji wa Kihindi, majumbe wanaongoja ada zao. Anafika Emil von Zelewski, ofisa wa Kampuni, anataka bendera ya Kampuni ipepee pamoja na ya Seyyid, jambo ambalo mkataba haukulitaja. Liwali anakataa. Mabaharia wenye silaha wanateremshwa kutoka manowari Carola, na habari zinaenea pwani nzima kwamba Wadachi, yaani Wajerumani, wameingia msikitini na viatu, na mbwa. Bendera na msikiti viliwasha hasira. Lakini kila mtu mjini, jumbe, mkopeshaji, hata mpagazi, alikuwa na riziki iliyopitia mizani ile, na mizani ilikuwa imebadili mikono bila yeye kuulizwa.

Tazameni hesabu ilivyofungwa. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4 ili pwani iwe yake moja kwa moja. Fedha zilitoka kwenye mkopo wa Kampuni wa zaidi ya marki milioni 10. Kampuni ikaachia utawala, Serikali ikaupokea kuanzia Januari 1891, na kwa makubaliano yao Kampuni ikawa inalipwa marki 600,000 kila mwaka, zikitoka katika mapato ya forodha za pwani hiyohiyo.